Kitabu nilichompokonya binti yangu

 

Leo hatuongelei chanjo wala mtoto anayekataa uji. Leo ni vitabu vya hadithi. Najua kuna mtu atasema, nesi na hadithi wapi na wapi? Nivumilieni kidogo. Jambo hili linahusu afya ya mtoto kuliko mnavyodhani, na limeanzia nyumbani kwangu, tena kwa kosa langu mwenyewe.

Mwezi uliopita niliamka saa saba usiku kumwangalia mdogo aliyekuwa na mafua. Napita chumba cha dada yake, mwenye miaka 14, naona mwanga chini ya shuka. Moja kwa moja nikajua ni simu. Nikafunua shuka kwa hasira zote za mama aliyeshinda amesimama kutwa nzima kazini. Kumbe tochi na kitabu. Kitabu cha Kiingereza, jalada limechakaa, kaazima kwa rafiki yake wa shule. Nikasoma jina: Ella Enchanted. Yaani Ella aliyerogwa! Jamani. Nikampokonya palepale. Nikamwambia mambo ya uchawi hayaingii kwangu, na kitabu kinarudi kwa wenyewe.

Akaniuliza taratibu, "Mama, umesoma hata ukurasa mmoja?"

Nikamjibu lile jibu letu sote: "Usinijibu. Mtoto mzuri anatii."

Yashikeni maneno hayo, tutayarudia.

Kesho yake nilikuwa na zamu ya usiku. Kitabu nikakitia kwenye mkoba, nikipitishe asubuhi kwa wazazi wa yule rafiki. Wodi ilikuwa imetulia, dripu zinakwenda vizuri, ni ile saa tisa usiku ambayo shingo yenyewe inaanguka. Nikasema ngoja nisome kurasa mbili tu, nipate la kuwaambia wale wazazi. Mama zangu, kile kitabu hakikwenda popote. Nilikimaliza siku tatu baadaye.

Kimeandikwa na Gail Carson Levine wa Marekani, kikatoka mwaka 1997. Ni ile ile hadithi ya Cinderella mnayoijua, msichana wa jikoni na kiatu chake, ila imesimuliwa upya. Kwenye hadithi ya zamani huwa hatujiulizi: huyu binti kwa nini anakubali tu? Anafagia, anafua, anatukanwa, na bado ni "ndiyo mama". Levine anatoa jibu lake: karogwa.

Ella alipozaliwa, mwanamke mmoja mwenye nguvu za ajabu alikuja kumpa mtoto zawadi. Zawadi gani? Utii. Kuanzia siku hiyo, yeyote akimwamuru jambo, lazima alifanye. Akiambiwa kula keki anakula mpaka machozi yanamtoka, kwa sababu hakuna aliyemwambia basi. Akijaribu kukataa, kichwa kinazunguka, kichefuchefu, pumzi inakata. Halafu anatokea msichana aitwaye Hattie, ambaye baadaye anakuwa dada yake wa kambo, anagundua kwamba huyu ukimwamuru hakatai. Kwanza anataka mkufu wa marehemu mama yake Ella. Ella anauvua, anatoa. Kisha anamwamuru aachane na rafiki yake wa shule.

Ila kilichonifanya nifunge kitabu nikae kimya ni hiki. Mama mzazi wa Ella, kwa nia njema kabisa ya kumlinda, alikuwa amemwamuru asimwambie mtu yeyote habari za laana ile. Kwa hiyo mtoto anateseka, na mdomo wake umefungwa na amri ya mtu anayempenda.

Mama zangu, mtoto huyo mimi namjua. Nimemhudumia.

Sitasema wapi wala lini, na mengine nimeyabadilisha ili asijulikane. Alikuwa binti wa miaka 12, kaletwa kwa maumivu ya tumbo mara ya tatu. Homa hana, mkojo safi, choo safi, minyoo hakuna. Mama yake anamsifia: "Huyu sista hana shida kabisa, hajawahi kunijibu. Ukimwambia kaa, anakaa." Kila nikimuuliza mtoto swali, anamwangalia mama kwanza. Nikamwomba mama aende dirishani kuchukua dawa, nikabaki naye. Nikamuuliza, je, kuna mtu anakufanyia jambo usilolipenda? Akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza yeye: "Mtu mkubwa akikuambia usimwambie mtu, si lazima utii?"

Yaliyofuata yalikwenda panapohusika, na mtoto yupo mahali salama. Lakini lile swali lilibaki na mimi. Alikuwa amelelewa vizuri, amefundishwa vizuri. Tumemfundisha sisi. Na mimi, pamoja na kumbukumbu hiyo yote kichwani, nilisimama usiku wa manane nikamwambia wa kwangu "usinijibu, mtoto mzuri anatii".

Sasa niseme ninachoamini, na mkitaka mnigombeze. Tunawanyang'anya watoto wetu hizi riwaya za falme, mazimwi na watu waliorogwa kwa sababu ya jalada, bila kujua ndani kuna nini. Na mara nyingi ndani kuna mazungumzo ambayo sisi wazazi tumeshindwa kuyaanzisha.

Ella anaivunjaje laana? Hakuna fimbo ya maajabu. Mwishoni anaamriwa jambo analolitamani mwenyewe, kuolewa na mwana wa mfalme anayempenda. Lakini anajua akikubali, wabaya wataitumia laana yake kumdhuru huyo mume. Anakataa. Mwili mzima unamkatalia, na yeye anakataa hivyo hivyo. Laana inakatika. Niambieni, somo la kusema hapana ningempa binti yangu kwa njia gani nyingine akalipokea? Mabango tumebandika ukutani, watu wanayaegemea tu wakisubiri foleni. Kile kitabu alikuwa anakisoma kwa tochi.

Najua mnachotaka kusema. Kwanza, "hizo ni hadithi za zamani zimeharibiwa, bora wasome zile zenyewe". Zenyewe zipi? Hadithi hizi hazijawahi kukaa vilevile. Ile ya binti mwenye kofia nyekundu na mbwa mwitu, Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697, na kwake hakuna mwindaji wa kuja kumwokoa. Mbwa mwitu anamla mtoto, hadithi imeisha. Kisha Perrault anaongeza onyo kwa mabinti kwamba mbwa mwitu wapole, wenye maneno matamu, ndio wa hatari kuliko wote. Mwaka 1697 hiyo! Mwindaji wa kumtoa tumboni tunamkuta kwa ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, mwaka 1812. Na hao hao, kwenye ile ya Snow White, toleo la 1812 mwanamke anayetaka binti auawe ni mama mzazi. Toleo la 1819 wakambadilisha akawa mama wa kambo. Mama wa kambo mnaonisoma, mmeona mlivyobambikiwa kesi?

Na sisi tunazo. Mwaka 1870 mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Mojawapo ni ya maskini mmoja anayechakura jaani, akaokota thumni, akamnunua paa. Paa yule akamtafutia mali, mke na jumba. Wazungu nao wanaye paka mwenye viatu anayemtajirisha kijana maskini, ni ndugu wa hadithi hiyo. Lakini ya kwetu haikuishia kwenye harusi. Paa anaugua, na yule bwana aliyetajirishwa naye anaamuru apewe uji wa mtama hafifu. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo. Siku moja bwana anaamka, yuko jaani, anachakura kama zamani. Mimi kama nesi, ningeweza kuibandika ile hadithi mlangoni saa ya kuona wagonjwa. Nimeona baba waliojenga nyumba nne wakiletewa uji wa baridi.

Pili, "watajifunza uchawi". Bibi yangu alitusimulia mazimwi yanayokula watu, sungura mwongo, fisi anayegeuka mchumba, na hakuna kati yetu aliyetoka pale akatafuta hirizi. Tulitoka tumejua kwamba mgeni anayechekacheka sana umwangalie miguu. Mtoto akishaelewa kuwa hii ni hadithi, anajua mlango wa kuingilia na wa kutokea. Tulikuwa tunaufungua mlango huo kwa kuitikia "hadithi njoo". Wao wanaufungua kwa kufunua jalada.

Tatu, na hapa nakubaliana na nyie: si kila kitabu chenye joka kwenye jalada ni cha mtoto. Vingine vinauzwa kama vya vijana lakini ndani kuna mambo ya chumbani ya watu wazima, au mwanaume anayemtesa msichana kisha tunaambiwa huo ndio upendo. Kwa hiyo fanya kazi yako ya uzazi. Soma sura mbili za mwanzo. Fungua na katikati. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwambie akusimulie kwa Kiswahili, utajua mengi zaidi kwa anavyosimulia, na hasa kwa anaporukaruka. Na usingizi nao usisahau. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Tochi ya saa saba usiku bado ni kosa, hata kama kitabu ni kizuri.

Mkitaka pa kuanzia, vipo vingine viwili nimevisoma baada ya hicho. Cinder cha Marissa Meyer, cha mwaka 2012: Cinderella huyu ni fundi mitambo, ana mkono na mguu wa chuma, na kuna ugonjwa wa mlipuko mjini. Anauficha ule mguu kwa aibu, na mwenye mtoto mwenye ulemavu ataelewa kwa nini nimekitaja. Kingine ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2011. Sunny ana miaka 12, anaishi Nigeria, ana ualbino, na hawezi kucheza mpira juani na wenzake. Humo ndiye shujaa. Kwa nchi yetu, ambako ndugu zetu hao wamewindwa kama wanyama, nataka watoto wote wakisome, wenye ualbino na wasio nao.

Usimpe mtoto mtihani baada ya kusoma, utamkimbiza. Muulize jambo moja tu: wewe ungekuwa ndani humo, ungemwambia nani? Jibu lake ni taarifa. Akisema "nisingemwambia mtu", usiruke juu. Kaa chini. Na tumbo linalouma kila wiki bila sababu kuonekana lichukue kwa uzito, mlete, na umruhusu mtoto aongee na mhudumu peke yake. Ukihisi kuna anayemuumiza, Tanzania na Kenya namba ya simu ya watoto ni 116, bure. Vituo vya polisi Tanzania vina dawati la jinsia na watoto.

Turudi nyumbani. Kitabu nilimrudishia binti yangu mkononi, nikamwomba radhi. Ndiyo, nilimwomba radhi, haijaniua. Nikamwambia: heshima utanipa, shikamoo utanipa, lakini amri ya mtu ikikuumiza, awe mwalimu, awe mjomba, niwe mimi, una ruhusa ya kusema hapana. Na hakuna siri ya maumivu ambayo nimewahi kukuamuru unifiche.

Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo hata nikisema hapana kwenye vyombo?"

Nikamwambia vyombo utaosha.

Akaenda kuosha, anacheka. Jioni akanisogelea nikiwa nakunja nguo, akaanza kunisimulia kitabu ambacho nilishakimaliza. Sikumwambia najua mwisho. Nilikunja nguo polepole.

Sehemu ijayo tunarudi kwenye uji, mnaoniandikia kuhusu uji nimewasikia. Mlale salama.

Nesi wenu.