Bwana Shamba Anashauri: Ukikodisha Shamba, Linda Udongo



Wengi hapa Lushoto hukodisha shamba la mboga kwa msimu mmoja. Aliyekodi msimu mmoja hajengi matuta. Kwa nini ajenge na kesho anaondoka? Mvua ikinyesha, udongo unateremka mtoni. Fedha zimekwisha, na shamba limechoka.

Fanya hivi. Kodisha kwa miaka mitatu. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi na Mtendaji wa Kijiji. Tajeni mipaka, kodi, na siku ya kurudisha shamba. Andikeni miti atakayopanda ni ya nani.

Mradi wa SECAP, ulioanza hapa mwaka 1981, ulifundisha kupanda majani ya Guatemala kukinga maji. Akiyapanda na kuyatunza, mpunguzie kodi.

Kodi hulipwa tena. Udongo ukishuka haupandi tena.