Maziwa Hayafungui Koo

Ukitaka kuona watu wa Trans Nzoia na Bungoma wakikubaliana haraka, ngoja mtu avimbe midomo akiwa bado na sahani mkononi. Siasa huwagawa, bei ya mahindi huwagawa, lakini hapo kauli ni moja, kuanzia Kapomboi kule Kwanza hadi Chwele kule Bungoma: "Huyu amelishwa kitu. Leteni maziwa!" Kijana anatimuliwa mbio kwa jirani mwenye ng'ombe, mzee anashika kichwa cha mgonjwa, kikombe kinasukumwa mdomoni. Jikoni nyuma ya nyumba, mama aliyepakua chakula ameshaanza kuulizwa aliolewa kutoka wapi.

Imani hiyo ni ya uongo, na inaua. Mtu anayevimba midomo na kutoka mabaka ya kuwasha dakika chache baada ya kula njugu, samaki, mayai au kumbikumbi, kwa kawaida hajalishwa chochote na yeyote. Mwili wake wenyewe ndio umekiona chakula hicho kuwa adui na kukipiga vita. Huo ni mzio, au aleji kama tunavyosema sokoni, na maziwa hayana kazi yoyote hapo. Tena maziwa ya ng'ombe yenyewe ni mojawapo ya vyakula vinavyoongoza kwa kuwaletea watoto aleji. Tunamkimbilia mshukiwa na kumwita daktari.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona fulani alipewa maziwa akapona?" Alipona, ndiyo. Aleji nyingi za ngozi hutulia zenyewe baada ya saa chache, upewe maziwa, upewe maji, au usipewe kitu. Maziwa yanapata sifa kwa sababu yalikuwepo mgonjwa alipokuwa anapona. Yule mmoja ambaye hakupona hatumhesabu upande wa maziwa. Tunasema sumu ilikuwa kali. Kwa hesabu ya namna hiyo hakuna dawa duniani inayoweza kushindwa.

Sumu ipo, sikatai. Nchi ya mahindi ina dawa za wadudu katika stoo nyingi, na nyingine zimemiminwa kwenye chupa za soda. Lakini sumu ina alama zake. Aliyekunywa dawa za kundi la oganofosfeti mboni zake husinyaa zikabaki nukta, mate humtiririka, jasho humtoka, anaharisha, na misuli humtetema chini ya ngozi. Mabaka yanayowasha na midomo iliyofura si dalili za kundi hilo. Naye pia hapaswi kumiminiwa maziwa. Anahitaji atropini, na atropini iko hospitalini.

Aleji nayo ina alama zake, na mtu yeyote mwenye macho anaweza kuzijifunza. Mara nyingi ngozi hutangulia: mabaka yaliyoinuka, yanayowasha na kuhamahama, kope na midomo kujaa. Yakiishia hapo, mtu anaweza kutulia, ingawa haachwi peke yake. Hatari ni pale mambo yanapovuka ngozi. Sauti inakwaruza. Anashindwa kumeza mate yake mwenyewe. Anakohoa mfululizo, kifua kinapiga mluzi, tumbo linamkata, anatapika, anasikia kizunguzungu. Mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza ghafla na kulegea. Dalili za ngozi zikifuatana na za kifua, au za tumbo, au za kuishiwa nguvu, usingoje nyingine. Wako pia wasiotoka hata kipele kimoja: presha inashuka, wanaanguka, na mtaani tunasema wamerogwa au moyo umesimama.

Sasa mweke mtu huyo, koo limevimba na hawezi kumeza, halafu mmiminie kikombe cha maziwa. Yataelekea wapi kama si mapafuni?

Kosa kubwa zaidi la maziwa, hata hivyo, ni muda yanaokula. Daktari Pumphrey wa Uingereza alichunguza vifo vya aleji nchini kwake na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Kwa waliouawa na chakula, moyo au pumzi ilisimama kwa wastani wa nusu saa baada ya kula. Kwa walioumwa na nyuki au nyigu, robo saa. Kwa waliopewa dawa, hasa za sindano, dakika tano. Boda kutoka Kapomboi hadi Kitale, mvua ikiwa imenyesha, haimalizi safari kwa robo saa hata dereva awe mkali namna gani. Kila dakika unayosubiri ng'ombe wa jirani akamuliwe umeitoa kwenye hesabu hiyo.

Nikitaja boda, kuna jambo ambalo hata waliosoma hukosea. Mgonjwa ameishiwa nguvu, anabanwa wima katikati ya dereva na mtu wa nyuma, safari inaanza. Presha ikishuka, kumweka mtu wima ni kuunyima moyo damu, na wengine hukata roho kwa kusimamishwa tu. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akitapika alazwe ubavu. Anayehangaika kupumua ndiye aachwe aketi, miguu ikiwa imenyooshwa. Heri Probox ya jirani, kiti cha nyuma.

Dawa yenyewe si ya ajabu wala si ya matajiri. Ni adrenalini, iliyotengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1901, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu za Kenya. Ampuli moja ina miligramu moja. Mtu mzima hudungwa nusu yake kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na baada ya dakika tano hurudiwa kama hajapata nafuu. Inafungua njia ya hewa na kupandisha presha. Piritoni tunayonunua kwa kemisti haifanyi kazi hiyo: inapunguza kuwasha, tena baada ya nusu saa au zaidi. Kumpa piritoni mtu anayepiga mluzi kifuani kisha kukaa kumtazama hakuna tofauti kubwa na maziwa. Na akishapata nafuu asikimbizwe nyumbani, maana wapo ambao hali huwarudia saa kadhaa baadaye.

Hapo ndipo wengine huniambia kwamba aleji ni ugonjwa wa Wazungu na watoto wa mjini, kwamba sisi tulilelewa kwa vumbi. Niwape haki yao: utafiti wa aleji ya chakula katika vijiji vyetu bado ni mchache mno kulinganisha na wa London. Lakini miaka ya 1990 watafiti waliwauliza wanafunzi wa Uasin Gishu, hapo tu kwa jirani, wakakuta pumu, mafua ya aleji na ukurutu. Na nani kati yetu hajamwona mtu wa kupura mahindi anayepiga chafya na kufumba macho yanayowasha msimu wote wa mavuno? Kumbikumbi wenyewe, utamu wetu wa mvua, ni wadudu, na wadudu wana protini ya tropomayosini, jamaa ya ile inayowavimbisha watu wanaokula kamba wa baharini.

Kuna na hoja ya wazee: "Amekula njugu tangu utotoni, leo ndiyo zimkatae?" Ndiyo. Mwaka 1902 Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliwadunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa mmoja, Neptune, aliistahimili dozi ya awali bila shida. Wiki kadhaa baadaye alipewa kiasi kidogo cha sumu ileile, akafa kwa chini ya nusu saa. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Mwili hukutana na kitu mara ya kwanza ukanyamaza, kumbe umekiweka alama.

Dawa za hospitali nazo tumezizungushia imani ya aina hii. Mtu akitoka vipele baada ya kuanza Septrin, anaambiwa dawa inautoa ugonjwa nje, amalize dozi. Mwaka 1991 madaktari wa Nairobi walieleza jinsi thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu, ilivyowachuna ngozi wagonjwa waliokuwa na virusi vya Ukimwi, wengine wakafa, na Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe tena. Aleji ya namna hii haiji kwa dakika. Huja baada ya siku, hata wiki. Vipele vikiandamana na malengelenge, vidonda mdomoni au macho mekundu, rudi ulikopewa dawa siku hiyohiyo. Jina la dawa liandikwe kwenye kitabu chako cha kliniki, na mhudumu anapaswa kuiarifu Bodi ya Dawa na Sumu.

Nabaki na yule mama wa jikoni. Magharibi mwa nchi hii nimewasikia wanawake wakitajwa matanga baada ya matanga kwa sababu mtu alivimba akila chakula chao, na wengine wamehama kabisa. Ugali ule ule na samaki wale wale waliliwa na watu mia, akavimba mmoja, na bado tunatafuta mchawi. Chifu akiletewa kesi kama hiyo barazani, aulize kwanza: mgonjwa alikula nini, na zilipita dakika ngapi? Aliwahi kuwashwa au kuvimba akila kitu hicho? Alikuwa na pumu? Kuna dawa aliyomeza asubuhi ile? Nani mwingine alikula sufuria hiyohiyo? Halafu amgeukie mhudumu wa zahanati amuulize kama adrenalini ipo leo, na kama haipo, iliagizwa lini.