Maji ya Mshipani Si Dawa ya Kila Homa

Katika mitaa ya Kayole, Dandora na Umoja, mzazi anayeleta mtoto mwenye homa kali hudai kwanza atiwe maji mshipani. Mtoto asipotiwa, mzazi huona hakutibiwa. Wako wahudumu wanaotundika chupa ili kumridhisha tu. Desturi hii ikome.

Viini vikienea katika damu, moyo unaweza kudhoofika; ukimiminiwa maji mengi kwa haraka, unaweza kulemewa. Utafiti wa watoto zaidi ya 3,000 wa Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulifichua hatari hiyo. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa, karibu 11 walifariki katika saa 48. Miongoni mwa wasiomiminiwa, walifariki 7.

Mtoto anayeharisha hadi kukaukiwa ni suala lingine. Huyo anahitaji maji. Lakini mtoto ambaye viini vimeenea katika damu yake huhitaji dawa ya kuua viini, ikitolewa mapema.

Kwa hivyo mzazi, ukiona mtoto anahema kwa kasi, mikono na miguu ni baridi, au amelegea na kusinzia, usizunguke madukani ukinunua dawa za homa. Mkimbize hospitali kama Mama Lucy Kibaki saa hiyo hiyo. Kuhusu maji, mwachie daktari aamue. Wewe uliza kama dawa ya viini imetolewa.