Majibu kwa Wasomaji: Nyumba Moja, Wapangaji Wawili



Baba mmoja wa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, ameuliza hivi: kijana wake alitia Ubuntu katika kompyuta ya nyumbani, kando ya Windows ya zamani. Kwa majuma kadhaa zote mbili zilifanya kazi. Sasa mashine hufungua Windows tu, na Ubuntu haionekani. Fundi amemwambia dawa ni kufuta diski nzima na kuanza upya. Lakini humo mna orodha ya ubatizo ya kigango, aliyoichapa jioni baada ya jioni kutoka katika daftari linaloliwa na mchwa. Je, akubali?

Asikubali. Diski ikifutwa, orodha hiyo haina njia rahisi ya kurudi, na tena ugonjwa wenyewe ni mdogo.

Si yeye peke yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 matengenezo ya kawaida ya bure, na kompyuta nyingi zilizokwisha kutumika, zile zinunuliwazo Dar es Salaam na kupakiwa basi la Bagamoyo, hazina nguvu zitakiwazo na Windows 11. Kwa hiyo vijana hutia Linux kando yake. Wala Linux si mgeni kwetu: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya kuandikia barua na hesabu kwa Kiswahili, jina lake Jambo OpenOffice.

Basi sikiliza jinsi mashine iamkavyo. Ukiiwasha, haijui bado Windows wala Linux. Huamka kwanza programu ndogo iliyo katika bao lake kuu. Katika mashine za zamani huitwa BIOS, katika mpya UEFI. Hiyo humtafuta bawabu aliyewekwa katika diski. Bawabu wa Windows kwa kawaida hufungua chumba cha Windows tu. Bawabu wa Linux, jina lake GRUB, huuliza, “Wamtaka nani?” Tatizo ni kwamba mbele ya mlango husimama bawabu mmoja, na Windows ikijitengeneza upya huweza kumrudisha wa kwake. Mpangaji wa pili hajahama. Yumo chumbani, na vyombo vyake vyote vipo.

Kabla ya kugusa lolote, nakili orodha yako katika flashi. Kisha, kama Windows imefungwa kwa BitLocker, andika katika karatasi ule ufunguo wake wa tarakimu 48. Mara nyingi umo katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Ukibadili mambo ya kuamsha mashine, huenda ikaudai. Nani atakumbuka tarakimu 48?

Sasa washa mashine huku ukibonyeza F12 (HP nyingi hutaka F9). Itatokea orodha ya mabawabu. Ukiona neno “ubuntu”, lichague. Likifunguka, ugonjwa umejulikana: ingia katika mipangilio ya UEFI, weka “ubuntu” juu ya “Windows Boot Manager”, hifadhi, toka. Aghalabu kazi huishia hapo, bila kumlipa mtu hata senti.

Pengine GRUB yaja lakini haiitaji Windows. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haiwatafuti tena majirani isipokuwa imeruhusiwa. Katika faili la /etc/default/grub andika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha toa amri “sudo update-grub”.

Na kama kioo ni cheusi chenye maneno “grub rescue”? Katika mashine za BIOS jambo hili hutokea mara nyingi mtu akifuta chumba cha Linux akidhani hakina kazi. Kipande cha GRUB kimebaki mwanzoni mwa diski, lakini mafaili yake mengine yamekwenda pamoja na chumba. Hapo washa kwa flashi ya kutengenezea Windows, fungua dirisha la amri, uandike “bootrec /fixmbr”. Windows itaamka.

Mwezi Agosti 2024 palikuwa na msiba mwingine: matengenezo ya Windows yaliwakataa mabawabu wengi wa Linux, na watu wakaona maneno “Verifying shim SBAT data failed”. Aonaye hayo azime “Secure Boot” katika UEFI, aingie Ubuntu, aandike “sudo mokutil --set-sbat-policy delete”, azime na kuwasha, aingie Ubuntu tena, ndipo arudishe “Secure Boot”.

Hata Windows ikikataa kabisa, orodha ya ubatizo yaweza kuokolewa. Washa kwa flashi ya Ubuntu, chagua kuijaribu bila kuitia katika diski, na uyatafute mafaili yako. Ila chumba kilichofungwa kwa BitLocker kitataka ule ufunguo.

Kijana naye amelalamika kwamba saa ya Windows hukosea kila atokapo Ubuntu. Ubuntu huweka ndani ya mashine saa ya dunia, Windows huidhani ni ya hapa, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Katika Ubuntu aandike “timedatectl set-local-rtc 1”, na saa zitapatana.