Mapazia: Nuru na Sitara kwa Pamoja



Kila Idi inapokaribia, dada zetu wa Mokowe huulizana habari za mapazia. Wengi huchagua kitambaa kizito chenye kumeta, pengine kwa deni, kisha wakalazimika kuwasha taa saa nne za asubuhi. Juma hili tungependa kukumbushana kwamba nuru na sitara si mahasimu; nyumba moja yaweza kuvipata vyote viwili.

Wazee wetu wa mji wa Lamu, ng'ambo ya pili, walilijua hilo. Nyumba zao za mawe ziliupa mtaa ukuta mtupu, zikapokea mwanga kutoka kiwandani, ule uwanja wa ndani usio na paa. Nyumba zetu nyingi za huku bara hazikujengwa hivyo: madirisha hutazama njia. Kazi iliyofanywa na ukuta, kwetu sisi hufanywa na pazia.

Sura ya 24 ya Qur'ani, An-Nur, ambayo jina lake ni nuru, ndiyo hiyo hiyo inayotuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Aya yake ya 58 yataja nyakati tatu za faragha: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wapunguzapo nguo, na baada ya sala ya isha. Pazia na lipimwe kwa nyakati hizo.

Neti nyepesi husitiri mchana kwa kuwa nje kuna mwanga kuliko ndani. Taa ikiwashwa usiku, mambo hugeuka: aliye njiani humwona aliye ndani, na wa ndani hamwoni wa nje. Basi dirisha moja na liwe na mapazia mawili: neti nyeupe ya kubaki kutwa, na pazia la pamba nzito la kufungwa tangu magharibi na wakati wa mapumziko.

Kwa kuwa tu karibu na ikweta, madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yapigwayo na jua kali. Hayo yapewe kitambaa kizito. Ya kaskazini na kusini yaachiwe kitambaa chepesi, upepo upate njia.

Dirisha la upana wa mita 1.2 lahitaji kitambaa cha mita 2.4, ili mikunjo ikae vizuri. Pamba ifuliwe kabla ya kupelekwa kwa fundi cherehani, kwani hurudi. Fimbo ipite dirisha kwa shubiri moja kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe mwanga. Chuma kisichopakwa rangi huliwa na kutu kwa hewa ya bahari. Fimbo ya mbao hudumu zaidi.

Asiye na wasaa, doti ya leso yamtosha: vipande viwili, pande mbili za dirisha.

Tusisahau kisa cha Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie. Alitundika pazia lenye picha za viumbe, Mtume, rehema na amani zimshukie, akalichukia; naye akalikata, akalifanya mito. Twajifunza kuchagua maua na majani, na pia kwamba pazia kuukuu halitupwi.

Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu na azisitiri aibu zetu. Amin.