Neno la Mhariri: Mipango ya TEHAMA Itoke Kabatini

Mwaka 1974 serikali ya Mwalimu Nyerere ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hazina ilikuwa imejaribu kuendesha hesabu za serikali kwa mashine hizo. Wataalamu wa kuzisimamia walikuwa wachache, na hesabu zikavurugika. Leo watoto wa Butiama, alikozaliwa Mwalimu, wanafundishwa TEHAMA, na swali lililoishinda Hazina limehamia shuleni: mashine zikishafika, nani atazisimamia?

Jibu hutakiwa liwe ndani ya mpango wa TEHAMA wa shule. Luku italipwa na nani? Bando litatoka fungu gani? Mwalimu aliyefunzwa akihamishwa, nani atashika nafasi yake? Mara nyingi mpango huo huandikwa, hugongwa muhuri, kisha hufungiwa kabatini. Mwalimu mkuu wa Bunda huanza upya kazi ambayo mwenzake wa Musoma ameshaifanya, akakosea, akarekebisha. Naona huo ni upotevu mkubwa kuliko kompyuta kuharibika.

Uwazi si jambo geni kwetu. Wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), kuanzia 2002, shule zilitakiwa kubandika kwenye ubao wa matangazo fedha zilizopokea na matumizi yake. Mzazi alisoma, akaenda kuuliza mkutanoni. Matokeo ya mitihani nayo Baraza la Mitihani huyaweka mtandaoni, shule kwa shule, na yeyote mwenye simu huyaona. Tunaona mavuno ya kila shule, lakini namna ilivyolima hatuioni.

Najua walimu wanachohofia: mpango wenye kasoro ukianikwa, mwandishi wake ataaibika. Hofu hiyo naiheshimu, kwa kuwa tumezoea kukaguliwa kuliko kusaidiwa. Ndiyo maana maofisa elimu wanapaswa kutangulia kusema wazi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa rasimu. Majina ya wanafunzi yasiwekwe, wala chumba kinachotunza vifaa.

Halmashauri zetu zina tovuti. Wakuu wa shule wa Musoma, Bunda na Butiama, pelekeni mipango yenu huko kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1, hata ikiwa ni kurasa mbili zilizopigwa picha kwa simu. Nanyi wazazi, isomeni, kisha njooni nayo kwenye mkutano wa shule.