Mashine Haijafa, Imekosa wa Kusema Naye



Mwezi uliopita mjumbe wetu katika karakana moja ya hapa Kisumu alileta ofisini barua aliyopewa na mwenye kazi. Karakana yenyewe hatuitaji, maana mazungumzo yangali yanaendelea. Barua ilisema kwamba mashine ya milingi imepitwa na wakati, kwamba kompyuta za siku hizi haziwezi kusema nayo, na kwa sababu hiyo watu watatu hawatakuwa na kazi. Mashine itauzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Tulikwenda kuitazama. Kwa wanachama wetu wa bandarini na wa mashamba ya miwa ambao hawajaiona, tukisema milingi hatusemi ile ya kusaga mahindi. Hii huchonga chuma: kisu kinazunguka, meza inasogea, na kipande kinatoka na umbo lake kamili. Nayo ni ya aina inayoitwa CNC, yaani huongozwa kwa namba zilizoandikwa katika programu, si kwa mkono wa fundi kuzungusha gurudumu. Iliundwa Japani katika miaka ya 1980. Tuliikuta chini ya turubai, na juu ya turubai mavi ya popo. Fundi wake, mzee ambaye vijana wa pale humwita jaduong', aliiwasha mbele yetu. Spindeli ikazunguka bila kelele. Akapima ulegevu wa skrubu ya meza kwa saa ya kupimia, akatuonyesha: sehemu tatu za mia moja za milimita. Mashine nyingi zenye umri mdogo kuliko huo zingeona haya.

Basi kilichokufa ni nini? Ni kompyuta kuukuu iliyokaa kando ya mashine na kuilisha programu. Ilipigwa na radi wakati wa mvua za masika. Mwenye kazi alinunua kompyuta mpya, akatazama ubavuni mwake, hakuona tundu la kuchomeka ule waya wa zamani. Hapo akakata shauri.

Twasema wazi kwamba kukosa tundu si sababu ya kumwachisha mtu kazi. Na kwa kuwa wajumbe wetu wengi wataambiwa maneno hayo hayo siku moja, yafaa waujue ukweli wa jambo lenyewe, wasije wakanyamazishwa kwa majina ya Kizungu.

Mashine za namna hii zilianza Marekani. Ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1952 katika chuo cha MIT, ikiongozwa kwa utepe uliotobolewa matundu. Baadaye namba zikaanza kupitishwa katika waya, kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1960 na kuitwa RS-232. Katika waya huo herufi hupita moja moja kama abiria juu ya ubao wa kupandia meli. Kwa miaka mingi kila kompyuta ilikuwa na tundu hilo, lenye pini 9 au 25. Kompyuta za sasa zimeliacha, zina tundu la USB. Lakini kati ya hayo mawili kipo kifaa kidogo cha kuyaunganisha, huuzwa katika maduka ya kompyuta, na bei yake haifiki mshahara wa juma moja wa mmoja wa wale watatu. Angalieni tu msiuziwe kile cha volti 5 kinachotumika katika vibao vidogo vya elektroniki. Hicho hakisemi lugha hii.

Kisha kuna waya. Kinywa cha kompyuta lazima kifike kwenye sikio la mashine, na kinywa cha mashine kwenye sikio la kompyuta, na pande zote mbili zishiriki waya mmoja wa ardhi. Wakiunganisha kinywa kwa kinywa hawatasikizana hata wakae mwaka mzima. Tena hapana budi wakubaliane mwendo. Mashine nyingi za umri huu husema kwa 4800 au 9600, herufi ya biti 7 na hesabu ya pariti iliyo shufwa. Kompyuta mpya ukiiacha bila kuiambia neno hutumia biti 8 bila pariti. Matokeo yake ni takataka kwenye kioo, na mtu asiyejua husema, "Mnaona? Mashine imekufa."

Jambo lililo kubwa kuliko hayo yote ni kumbukumbu. Kumbukumbu ya mashine hizi hata leo huandikwa katika vitabu vyake kwa mita za utepe: mita 40, mita 80. Utepe ulichukua herufi 10 katika inchi moja, kwa hiyo mita 40 hazifiki herufi 16,000. Picha moja ya simu yako haiingii humo. Programu ndefu, kama ya kuchonga kalibu, hulishwa kidogo kidogo huku kisu kinakata. Ikishiba mashine husema "ngoja", ikitaka tena husema "lete". Hapa ndipo penye hatari. Vifaa vingine vya bei rahisi vina akiba yao ya herufi, na neno "ngoja" huvifikia vikiwa vimekwisha mwaga nyingine. Mstari mmoja ukipotea, kisu hakijui kwamba kilipaswa kuinuka. Kitapita katika jiliwa, au kitavunjika na kipande kitaruka, na anayesimama mbele yake si mwenye kazi. Kwa hiyo programu ya kwanza na ikate hewa, kisu kikiwa juu ya kipande, mkono wa fundi ukiwa kwenye kitufe chekundu. Mkubwa akisema hakuna wakati wa kukata hewa, mjumbe aitwe.

Na sisi wa kando ya ziwa tunaijua radi. Waya huu ukiunganisha kompyuta na mashine moja kwa moja, radi ikipiga laini ya umeme huua vyote viwili. Kipo kifaa cha katikati kinachopitisha habari kwa mwanga, bila chuma kugusana na chuma. Hicho kidaiwe tangu mwanzo.

Sasa tuseme na nafsi zetu, maana gazeti hili halikuwekwa kwa ajili ya kuwalaumu waajiri peke yao.

Tulipomwuliza jaduong' mwendo na pariti ya mashine yake viliandikwa wapi, aligusa kichwa chake. Parameta za mashine, yaani zile namba zinazoiambia ukubwa wake na mipaka yake, hazikuandikwa popote. Zimo katika kumbukumbu inayoshikiliwa na betri. Betri ikiisha, na umeme ukikatika usiku mmoja, zinafutika, na hapo mashine itakuwa imekufa kweli. Wengi wetu tunafanya vivyo hivyo. Daftari tunalificha kabatini, au hatuliandiki kabisa, tukidhani kwamba siri ndiyo kinga ya kazi. Katika karakana hii siri hiyo ndiyo iliyompa mwenye kazi neno la kusema.

Lakini mzee naye alitujibu, na jibu lake hatuwezi kulitupa. Alisema kwamba katika kazi yake ya zamani, mahali pengine, alimfundisha kijana kila kitu, na miezi mitatu baadaye yeye ndiye aliyepunguzwa. Kijana alikuwa rahisi. Basi hatuwezi kumwambia mtu wa namna hiyo aandike tu. Yapasa mapatano yetu ya kazi yaseme kwamba fundi aandikaye daftari la mashine na kufundisha mwenzake analipwa kwa kazi hiyo, na kwamba hapunguzwi mbele ya yule aliyemfundisha. Tumelipeleka pendekezo hilo katika kamati, na wajumbe wawili wamelipinga wakisema litawafunga vijana. Twaona wamekosea, illa na waje mkutanoni walieleze.

Hatusemi kila chuma kikuu ni mali. Ikiwa skrubu za meza zimelika, au vibao vya umeme vimeungua na haviuzwi tena, hatutapigania kaburi. Twataka kwanza ithibitishwe. Nchi hii si ngeni kwa mashine hizi: mradi wa gari la Nyayo ulioanza mwaka 1986 ndio uliozaa Numerical Machining Complex ya Nairobi mwaka 1994. Wala mji huu si mgeni wa kufufua vitu. Meli William Mackinnon ililetwa kwa vipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1900, kabla reli haijafika. Uhuru, iliyoletwa vivyo hivyo kutoka Uskoti katika miaka ya 1960, ilikaa bandarini miaka mingi bila safari, na mwaka 2019 ikarudi ziwani. Hakuna aliyeipima kwa kilo.

Na sheria ipo. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema mwajiri akitaka kupunguza watu walio wanachama, hana budi kukijulisha chama na Afisa wa Kazi sababu zake na idadi ya watu, kabla ya mwezi mmoja. Atakayeachishwa hulipwa si chini ya siku 15 kwa kila mwaka alioutimiza. Barua tuliyoletewa ilitoa siku saba, na Afisa wa Kazi hakuiona. Lakini tusiegemee siku hizo 15 kana kwamba ni ushindi. Mwezi ule wa notisi umewekwa ili sababu ichunguzwe, nasi tumeuchunguza.

Jumamosi moja kijana wa mwanachama wetu, anayesomea umeme, alikuja na kompyuta yake na waya aliouunga mwenyewe kwa risasi. Tulikubaliana mashine iseme kwanza na kompyuta isikilize, ili parameta zitoke kabla ya kujaribu kuingiza lolote. Mara ya kwanza hakikuja kitu. Pini zilikuwa hazikupishana. Mara ya pili zikaja takataka. Jaduong' akainama akatazama kioo muda mrefu, akasema, "Pariti. Ni shufwa." Kijana akabadili, na namba zikaanza kushuka mstari baada ya mstari, ikianza alama ya asilimia na kumalizika alama ya asilimia, kama ipasavyo. Zimenakiliwa mara tatu, na nakala moja imechapwa karatasini na kufungiwa ofisini kwetu. Betri mpya ilitiwa mashine ikiwa inawaka, si imezimwa. Juma lililofuata ilichonga flanji mbili za pampu.

Mwenye kazi amekubali kuisimamisha barua hadi mwisho wa mwezi. Zaidi ya hapo hajaahidi kitu, nasi hatujamshukuru bado. Kikao kingine ni Jumanne.

Mchoro wa waya huo tumeupiga chapa pamoja na gazeti hili. Mjumbe yeyote mwenye mashine iliyofunikwa turubai aje ofisini Jumamosi kuanzia saa nane mchana. Aje na jina na namba ya mashine, ambayo aghalabu imo nyuma ya kabati la umeme, na aje na mtu anayeifanyia kazi, si karani.